Mawazo, usingizi na virusi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kigoma

Maswali haya hurudi kila msimu wa mafua, mwaloni Kibirizi, sokoni Mwanga na kwenye mabenchi ya kliniki kuanzia Ujiji hadi Kasulu. Yameachwa karibu na lugha ya waulizaji wenyewe.

Je, mawazo mengi yanaleta mafua?

Hapana. Mafua huletwa na virusi. Bila kirusi, mtu anaweza kuwa na mawazo mwaka mzima na asipige chafya hata moja.

Kinachobadilika ni yale yanayofuata kirusi kikishaingia. Watu watatu wamepanda hiace moja kutoka Mwandiga, wote wamekoholewa na abiria yule yule. Mmoja hapati kitu, wa pili anapenga kamasi siku mbili, wa tatu analala kitandani wiki nzima. Tofauti hiyo ina sababu nyingi: umri, lishe, sigara, chanjo, na kama mwili uliwahi kukutana na kirusi hicho siku za nyuma. Hali ya akili na moyo ni sababu mojawapo. Ipo kweli, ila si kubwa kuliko zote.

Nani amelithibitisha hilo? Isije ikawa ni maneno ya kwenye simu tu.

Swali zuri, na jibu lake linahitaji subira kidogo.

Uingereza, karibu na mji wa Salisbury, kulikuwa na kituo cha kuchunguza mafua ambacho kilifanya kazi kwa miongo kadhaa. Watu wenye afya njema walijitolea kukaa hapo, wakatiwa matone puani, kisha wakaangaliwa. Mwanasaikolojia wa Marekani, Sheldon Cohen, pamoja na wenzake wa kituo hicho, waliwachukua watu 394. Kabla ya chochote waliwauliza mambo yaliyowapata mwaka uliopita, kama wanahisi maisha yamewazidi nguvu, na kama wana huzuni au hasira. Kisha kila mmoja akatiwa matone yenye kirusi kimoja kati ya vitano vya njia ya hewa. Wengine 26 walitiwa maji ya chumvi tu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1991 katika jarida la New England Journal of Medicine. Kwa wale wenye msongo wa mawazo mdogo kabisa, asilimia 27 hivi walipata mafua. Kwa wale wenye msongo mkubwa kabisa walikuwa asilimia 47. Watafiti walipozingatia umri, jinsia, uzito, majira ya mwaka, kingamwili ambazo mtu alikuwa nazo tangu mwanzo, hata idadi ya watu waliolala nyumba moja, uhusiano haukupotea.

Ubora wa utafiti huu ni kwamba kila mtu alipewa kirusi kwa mkono wa mtafiti. Hakuna anayeweza kusema wenye mawazo waliugua zaidi kwa kuwa walitembelea sehemu zenye wagonjwa. Lakini tusiukuze. Walikuwa watu wazima wenye afya, na virusi vyenyewe ni vya mafua ya kawaida. Na hata katika kundi lile lililolemewa zaidi, zaidi ya nusu hawakupata mafua.

Mawazo yako kichwani, kinga iko kwenye damu. Vinakutana wapi?

Vinakutana kwenye homoni. Ubongo ukiona hatari, sehemu yake ya chini hutuma ujumbe hadi kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo humwaga adrenalini na kortisoli. Moyo unakwenda mbio, sukari inapanda kwenye damu, mtu yuko tayari kukimbia au kupigana.

Kwa muda mfupi hali hii haidhuru, na kuna sehemu za kinga ambazo huamka zaidi. Mwaka 2004 watafiti Suzanne Segerstrom na Gregory Miller walikusanya tafiti karibu 300 za miaka thelathini na kuona picha hiyo: msukosuko wa dakika chache huinua ulinzi wa haraka wa mwili, lakini msongo unaoendelea kwa miezi huzorotesha kinga upande baada ya upande.

Kortisoli ina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui, nayo ni kuambia kinga "basi, inatosha". Kirusi kinapoingia puani, chembe za kinga hutoa kemikali zinazoleta uvimbe, kamasi, maumivu ya koo na uchovu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya adha ya mafua ni kazi ya mwili wenyewe. Kortisoli ikimwagika kwa kiasi na kwa wakati, hutuliza. Ikimwagika kila siku kwa miezi, chembe huacha kuisikiliza, kama majirani wanavyoacha kutoka nje kwa mtu anayepiga yowe la mwizi kila usiku. Uvimbe unapanda bila wa kuuzuia. Cohen na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba watu ambao chembe zao zimekuwa sugu kwa homoni hiyo ndio waliopata mafua zaidi walipotiwa kirusi.

Ndiyo maana kusema tu "mawazo hushusha kinga" ni kusema nusu. Upande mmoja hushuka, upande mwingine hukosa breki.

Kila mtu Kigoma ana mawazo. Ni yapi yanayodhuru?

Yanayokaa. Katika utafiti mwingine wa Cohen, uliochapishwa mwaka 1998 kwa watu 276, matatizo yaliyodumu chini ya mwezi mmoja hayakuonekana kuongeza hatari ya mafua. Yaliyodumu mwezi au zaidi yaliiongeza. Aina mbili ndizo zilizojitokeza hasa: ugomvi wa muda mrefu na watu wa karibu, na kukosa kazi au kuwa na kazi isiyotosheleza.

Hili la pili mtu wa ziwani atalielewa bila kuelezwa. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Sababu ilikuwa ya msingi, ziwa lilikuwa limechoka. Lakini miezi mitatu ni mirefu kwa mwenye mtumbwi, kwa anayeanika dagaa, na kwa mama anayekopa ada ya shule akitegemea migebuka ya wiki ijayo. Hapa tunazungumzia mawazo ya aina ile ile, ya kipato kilichokatika na kisichojulikana kitarudi kwa kiwango gani. Kumwambia mtu wa namna hiyo "usiwe na mawazo" ni kumpotezea muda. Kitakachompunguzia ni kulipa deni kwa awamu, kibarua cha muda, au mtu wa kukaa naye wakapiga hesabu pamoja.

Mume wangu anavua usiku. Akirudi asubuhi analala saa tatu tu, na kila mwezi ana mafua. Ni usingizi au ni baridi ya ziwani?

Dada, tuanze na usingizi, kwa sababu hapo ushahidi ni mzito.

Mwaka 2009 watu 153 waliulizwa kwa wiki mbili wanalala muda gani, kisha wakatiwa kirusi cha mafua. Waliokuwa wakilala chini ya saa saba walikuwa na uwezekano wa kupata mafua karibu mara tatu ya wale waliolala saa nane au zaidi. Mwaka 2015 utafiti wa namna hiyo ulirudiwa kwa watu 164, safari hii usingizi ukapimwa kwa kifaa cha mkononi badala ya maneno ya mtu. Waliolala chini ya saa sita walikuwa na uwezekano mara nne na zaidi kuliko waliolala zaidi ya saa saba. Mawazo hukata usingizi, na usingizi uliokatika huongeza mawazo, kwa hiyo si rahisi kuvitenganisha. Ila usingizi ndio mlango ambao unaweza kuushika kwa mkono.

Baridi peke yake haileti kirusi. Kujibana kwenye mtumbwi na watu wengine wanaokohoa ndiko kunakoleta.

Mvuvi wa taa hawezi kulala usiku wa giza, huo ndio muda wa kazi. Anachoweza ni kuulinda mchana. Chumba kitiwe giza kwa pazia zito au kanga mbili. Chandarua kishushwe hata mchana, kwa ajili ya nzi. Simu iende kwa mtu mwingine. Watoto wajue kwamba baba akirudi, hadi adhuhuri haitwi. Saa tatu za asubuhi zikiongezewa saa mbili za alasiri si sawa na usiku kamili, lakini ni tofauti kubwa na saa tatu peke yake. Kahawa ya kibarazani anywe akiwa anakwenda ziwani, si akiwa anarudi. Na zile siku za mbalamwezi ambazo mitumbwi imepakiwa, azitumie kulala usiku badala ya kuzimaliza kwenye bao.

Je, kukaa na watu si ndiko kunakoambukiza? Basi mpweke ana nafuu.

Ungedhani hivyo. Katika wale watu 276, watafiti walihesabu pia aina za mahusiano aliyonayo kila mmoja: mke au mume, wazazi, watoto, majirani, wafanyakazi wenzake, watu wa msikitini au kanisani, vikundi. Wote walitiwa kirusi sawa. Wenye aina moja hadi tatu tu za mahusiano walikuwa na uwezekano mara nne hivi wa kupata mafua kuliko wenye sita au zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1997.

Kwa hiyo watu hukuletea virusi, na watu hao hao hukufanya uvistahimili. Chukua mfano wa msiba. Mwaka 1977 watafiti wa Australia walipima damu ya watu 26 waliofiwa na wenzi wao, wakaona kwamba wiki chache baada ya kifo chembe zao nyeupe zilikuwa zikiitika kwa unyonge kuliko za watu wasiofiwa. Sasa fikiria kwetu: mjane analala chini kwenye mkeka, amezungukwa na wanawake wa mtaa, nusu yao wana mafua. Je, waondoke? Wasiondoke. Mwenye kikohozi akae uani, asimkumbatie mfiwa, wengine wabaki. Na zaidi ya yote warudi baada ya arobaini, wakati uga umekuwa mweupe na hakuna anayebisha hodi. Mimi naona mila yetu ya msiba ni nzuri kwa wiki ya kwanza na dhaifu kwa mwezi wa tatu.

Kuna ndugu yetu alifariki kwa Korona. Watu wanasema aliuawa na hofu.

Poleni sana. Na watu hao wamekosea.

Alifariki kwa kirusi kilichoshambulia mapafu. Hofu haiui mapafu. Kinachosemwa na wataalamu ni kitu kingine kabisa: ukiangalia maelfu ya watu, wale waliokuwa na ugonjwa wa akili walipatikana na Korona zaidi. Utafiti wa rekodi za hospitali za Marekani uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta kwamba waliowahi kugundulika na tatizo la akili katika mwaka uliotangulia walikuwa na uwezekano zaidi kwa asilimia 65 hivi. Hapo kuna mambo mengi yamefungwa pamoja: umaskini, kukaa kwenye nyumba zenye msongamano, sigara, magonjwa mengine, kuchelewa kufika hospitali. Utafiti kama huo hauwezi kukuambia kwamba fulani wa Gungu alikufa kwa sababu aliogopa.

Maneno hayo yana madhara. Mgonjwa anaanza kuficha hofu yake asije akalaumiwa, na anayeficha hofu huficha na dalili.

Mpox ilipotangazwa nchi jirani, wengine walisema ukijiamini haikupati.

Si kweli. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa Agosti 14, 2024, na Kongo na Burundi zilizo jirani yetu zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Ugonjwa huo huambukiza kwa kugusana na mwenye vipele, kwa matandiko yake na kwa ukaribu wa mwili. Aliyejiamini na aliyeogopa wakigusa kidonda kile kile wote wako hatarini. Vivyo hivyo kwa Ebola. Kwa virusi vikali vya namna hii, sabuni na kuepuka kugusana vina uzito kuliko utulivu wowote wa moyo.

Ninaishi na VVU. Sonona inahusika vipi na mimi?

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa, inahusika sana. Kati ya maswali yote hapa, hili ndilo ningependa lisomwe taratibu.

Dar es Salaam walifuatilia wanawake karibu elfu moja wanaoishi na VVU, na matokeo yakatolewa mwaka 2007. Waliokuwa na dalili za sonona walisogea haraka zaidi kwenye hatua za juu za ugonjwa na walikufa kwa wingi zaidi kuliko wasio nazo. Wengi walifuatiliwa kabla dawa za kufubaza VVU hazijaenea nchini, kwa hiyo hesabu zile huwezi kuzihamisha moja kwa moja hadi leo.

Leo njia kuu ambayo sonona hupitia ni kidonge kisichomezwa. Mtu aliyekata tamaa haoni sababu ya kuamka, sembuse kumeza dawa au kupanda pikipiki kwenda kliniki. Virusi vinaongezeka, vinaweza kujenga usugu, na kipimo cha wingi wa virusi kinarudi kibaya. Mhudumu anamgombeza kwa uzembe, na anaondoka akiwa amezama zaidi.

Kwa hiyo ukiona umeruka dozi, usiseme tu "nilisahau" kama sababu ni kwamba huna hamu ya kuishi. Sema hivyo hivyo. Sonona inatibika kwa mwenye VVU kama kwa mtu yeyote.

Mkanda wa jeshi umenitoka baada ya kufiwa. Kuna uhusiano?

Unaweza kuwapo. Kirusi cha tetekuwanga ulichougua utotoni hakikuondoka, kilijificha kwenye mishipa ya fahamu. Kinga ikilegea huamka na kutembea na mshipa mmoja, ndiyo maana malengelenge hukaa upande mmoja wa mwili. Uzee, VVU na dawa zinazoshusha kinga ndizo sababu kubwa; msongo umeshukiwa pia, ingawa tafiti hazikubaliani zote. Nenda kituo cha afya ndani ya siku tatu tangu upele uanze, maana dawa yake, asiklovia, hufanya kazi vizuri mapema, na ukubali kupima VVU. Wanaosema mkanda ukikutana kiunoni mtu anakufa wanakutisha bure.

Vile vipele vya mdomoni ambavyo watu husema "homa imetoka" huletwa na ndugu wa kirusi hicho. Navyo huamshwa na homa, jua kali na mawazo.

Nina msongo. Niahirishe chanjo?

Usiahirishe. Ni kweli kwamba mwili uliochoka huitika polepole. Vijana 25 walichunguzwa Marekani, na waliolala saa nne kwa siku kadhaa kabla ya chanjo ya homa ya mafua walikuwa na kingamwili chini ya nusu ya wenzao baada ya siku kumi. Wiki chache baadaye tofauti ilikuwa imeisha. Lala vizuri siku hizo kama unaweza, lakini chanjo upate.

Nimepona homa, lakini tangu hapo nina huzuni isiyo na sababu.

Sababu ipo, ni ile vita iliyopiganwa mwilini. Kemikali za kinga hufika hadi kwenye ubongo na kuuambia ulale, usile, usitake watu. Tunalijua hili vizuri kwa sababu zamani homa ya ini aina ya C ilitibiwa kwa interferoni, ambayo ni moja ya kemikali hizo, na wengi waliochomwa walipata sonona ambayo hawakuwa nayo. Kwa kawaida huzuni ya baada ya ugonjwa hupungua siku hadi siku. Ikipita wiki mbili bila kupungua, usiisubiri iishe yenyewe.

Tuko kambini Nyarugusu. Mnatuambia tutulie, tutatuliaje?

Hatuwaambii hivyo. Kambi hiyo ya wakimbizi ipo tangu 1996, na kuanzia 2015 ilipokea maelfu ya Warundi juu ya Wakongo waliokuwepo. Familia ikilala watu saba chumba kimoja, mafua yatapita kwa wote, wenye mawazo na wasio nayo. Kulaumu akili ya mtu mahali ambapo tatizo ni nafasi, maji na sabuni ni kumwonea. Kinachosaidia ni hewa kupita, mgonjwa kulala karibu na mlango, watoto kupata chanjo zote, na kuwapo kwa mtu wa kusikiliza. Hilo la mwisho lina faida zake hata kama halikuzuia kirusi kimoja.

Pombe, sala, mazoezi?

Pombe, ya dukani au ya kienyeji, huleta usingizi wa juu juu na kuukata usiku wa manane. Sala na mazoezi huwatuliza wengi, fanya. Visichukue nafasi ya dawa uliyoandikiwa.

Kila nikigombana na mke wangu napata homa. Ni ya mawazo tu, sivyo?

Kaka, pima malaria kwanza. Kigoma hatuna ruhusa ya kuita homa yoyote "ya mawazo" kabla ya kipimo. Malaria si kirusi, inatibika, na inaua anayeisubiri.

Nikienda zahanati niseme nini? Nikisema "nina mawazo" watanipa parasetamoli.

Taja vitu vinavyohesabika. "Nina wiki tatu silali zaidi ya saa nne. Sili. Nimeacha kwenda shambani. Nimepata mafua mara tatu tangu mwezi uliopita." Mhudumu akisikia hivyo ana pa kuanzia. Dalili za sonona zikidumu wiki mbili au zaidi zinastahili kuangaliwa, na ukiandikiwa rufaa, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu ni Maweni. Kama huwezi kutoka, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure. Kwa mtoto ni 116. Mwenye fikra za kujiua asisubiri miadi, aende siku hiyo hiyo na asiende peke yake.

Ukipewa dawa za sonona, jua kwamba huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na siku za mwanzo zinaweza kukupa kichefuchefu. Usiziache siku ya tano. Na kama unatumia dawa za VVU au za kifua kikuu, mwambie anayekuandikia kabla hajashika kalamu, kwa sababu baadhi hazipatani.